Mjadala: Je, CT scan ya mtoto iwekewe ukomo wa dozi ya mionzi kisheria, hata kama picha itatoka na chenga?

Mleta mada (mteknolojia mionzi)

Nimepiga picha za mionzi kwa miaka kumi na minne katika hospitali za mikoa miwili hapa Tanzania, na swali ninaloliweka mezani limenisumbua tangu mashine za CT scan zilipoanza kusambazwa mikoani, baadhi yake kwa fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021. Kabla ya hapo mtoto aliyehitaji kipimo hiki alisafirishwa hadi Dar es Salaam, Mwanza au Moshi, na umbali wenyewe ulikuwa chujio, kwa sababu hakupelekwa ila mwenye sababu nzito. Leo mashine iko hatua hamsini kutoka wodini, na mtoto aliyeanguka kitandani alfajiri anaweza kuwa amekwisha kupigwa picha ya kichwa kabla ya chai ya saa nne.

Hoja yangu ni kwamba kila kipimo cha CT cha mtoto kiwekewe ukomo wa dozi kwa mujibu wa kanuni, kulingana na umri na sehemu ya mwili, na kwamba dozi iliyotumika iandikwe kwenye ripoti anayokabidhiwa mzazi. Nasema ukomo, sisemi mapendekezo, kwa kuwa mapendekezo tunayo ya kutosha.

Nitaeleza kilichonifikisha hapa. Nilipohamia kituo fulani nilifungua orodha ya mipangilio ya mashine nikakuta sehemu ya watoto ipo, imepangwa vizuri kwa kilo, na haijawahi kuguswa. Watoto wote, hata wa kilo tisa, walikuwa wakipigwa kwa mpangilio wa mtu mzima, kilovolti 120 (nguvu ya umeme inayozalisha mionzi), kwa sababu aliyewafundisha wenzangu siku mashine ilipofungwa alifundisha kwa kutumia mgonjwa mmoja, naye alikuwa mzee wa kiume. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Picha zilikuwa safi ajabu, na madaktari walizisifu. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu: uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki katika nchi 19 zinazoendelea, uliochapishwa mwaka 2010 na ambao mwandishi wake wa kwanza, W. E. Muhogora, ni Mtanzania, ulikuta vituo 11 katika nchi sita vinavyowapiga watoto kwa vipimo vya watu wazima.

Kuhusu madhara, utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 2023, uliofuatilia watu 948,174 waliopigwa CT wakiwa watoto au vijana katika nchi tisa, ulikadiria kwamba katika kila watoto 10,000 wanaopimwa kwa dozi za siku hizi, mmoja au wawili watapata saratani ya damu inayotokana na kipimo hicho ndani ya miaka 12. Hatari ni ndogo kwa mtoto mmoja, lakini nchi haipimi mtoto mmoja.

Mchangiaji wa kwanza (daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo)

Namshukuru mleta mada kwa uungwana wa hoja yake, ila sikubaliani na neno "ukomo", na ningependa wasioingia chumba cha upasuaji waelewe kwa nini.

Ubongo ni kiungo kigumu kukipiga picha. Tofauti kati ya sehemu yake ya kijivu na sehemu yake nyeupe ni takriban vizio kumi tu kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia mionzi, wakati mfupa mgumu unaouzunguka unaweza kufikia elfu moja, na kwa mtoto mchanga tofauti hiyo ni finyu zaidi kwa kuwa ubongo wake bado una maji mengi. Utando mwembamba wa damu uliolala chini ya fuvu, au eneo lililoanza kukosa damu, hujificha ndani ya chenga kama uzi mweupe kwenye shuka jeupe. Picha ikitoka na chenga kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi, mimi nitaamua kwa kubahatisha, au nitaomba irudiwe, na hapo mtoto atakuwa amekula dozi mbili kwa ajili ya kuokolewa na moja.

Kuhusu takwimu za saratani, sizikatai, ila wasomaji wajue kwamba watoto hawapigwi CT kwa kura. Baadhi yao walipigwa kwa sababu tayari walikuwa na dalili za ugonjwa ambao baadaye ulitambuliwa kuwa saratani, na ingawa watafiti hujitahidi kuwaondoa kwenye hesabu, ubishi huo haujaisha. Mtoto aliyegongwa na bodaboda akiwa na damu inayokusanyika juu ya ubongo hana miaka 12 ya kusubiri, pengine hana saa tatu.

Mchangiaji wa pili (mzazi)

Naomba niseme machache kwa heshima ya wataalamu. Binti yangu alizaliwa na tatizo la kichwa kikubwa, akawekewa mpira wa kutoa maji akiwa na miezi minne. Mwanzoni walimpima kwa utrasaundi kupitia utosi, na sikuwa na wasiwasi. Utosi ulipofunga, kila alipotapika au kulala kupita kawaida tuliambiwa apigwe CT kuangalia kama mpira umeziba. Sasa ana miaka mitano na nyumbani nina bahasha nane za kaki.

Mara moja alipigwa mara tatu kwa mkupuo kwa sababu alikuwa akitikisika. Mimi ndiye niliyekuwa nimevaa vazi la risasi na kumshikilia, khanga imekunjwa pande zote mbili za kichwa chake, na hakuna aliyeniambia kwamba kila mara taa ile nyekundu inapowaka ni kipimo kingine kamili. Kwenye bahasha zote nane hakuna hata moja yenye namba ya mionzi. Sitaki kuzuia kipimo kinachomwokoa mwanangu. Nataka kujua tu kwamba kuna mtu anayehesabu.

Mchangiaji wa tatu (mwanafizikia tiba)

Nimesoma hoja zote tatu na naona zinagombania kitu ambacho nusu yake hakina ugomvi. Mtoto ni mwembamba, kwa hiyo mionzi hupenya mwilini mwake kwa urahisi, na ili kupata picha yenye chenga zilezile za picha ya mtu mzima anahitaji kiasi kidogo zaidi. Katika kituo alichokieleza mleta mada, sehemu kubwa ya dozi ile ingeweza kuondolewa bila daktari yeyote kuona tofauti. Mvutano wa kweli kati ya dozi na ubora huanza baada ya hapo, na hapo ndipo hesabu hukaza: ukipunguza dozi kwa nusu, chenga huongezeka kwa takriban asilimia 40, na ukitaka kuishusha hadi robo, chenga huwa maradufu.

Kama picha hiyo inafaa au haifai hakuna anayeweza kujibu kabla ya kuambiwa inatafutwa nini. Daktari bingwa ana haki kabisa kuhusu utando mwembamba wa damu. Lakini kwa binti wa mama huyu swali ni moja tu, kama vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka kuliko mara iliyopita, na vyumba hivyo huonekana hata kwenye picha ambayo bingwa angeitupa kwa kazi nyingine. Kwa swali la namna hiyo dozi inaweza kushuka chini ya nusu ya kawaida na jibu likapatikana. Mapafu na mifupa navyo huvumilia chenga. Tumbo linalopigwa kwa dawa ya kung'arisha mishipa lina nafuu ya aina yake, kwa kuwa kilovolti zikishushwa hadi 80 kwa mtoto mwembamba, ayodini iliyomo kwenye dawa hiyo ndiyo kwanza hung'aa zaidi. Ninachokiona kwenye kumbukumbu za mashine na kinachonikera ni tumbo la mtoto kupigwa mara tatu, kabla ya dawa, baada ya dawa, na tena baadaye, pale ambapo mara moja ingetosha. Hapo dozi ni mara tatu na ubora haujaongezeka.

Tahadhari moja kuhusu programu mpya zinazosafisha picha. Zinasaidia, lakini zikikazwa mno hulainisha ukingo wa vitu vidogo, picha ikawa tamu machoni na maskini wa habari.

Sasa kuhusu ukomo wa kisheria. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi haiweki ukomo wa dozi kwa mgonjwa, na sababu yake ni hiyohiyo ya daktari bingwa. Kinachotumika ni kiwango rejea: dozi hukusanywa kutoka vituo vingi, na namba ambayo robo tatu ya vituo viko chini yake inakuwa alama, ili kituo kinachoipita mara kwa mara kijiulize. Ulaya ilitoa vya watoto mwaka 2018, na kwa kichwa vinapanda kutoka miligrei (kizio cha dozi ya mionzi) 24 kwa mwenye umri chini ya miezi mitatu hadi 50 kwa mwenye miaka sita na zaidi. Tukigeuza namba hizo kuwa ukomo wa kuadhibu, tutegemee udanganyifu. Mashine moja inaweza kuonyesha dozi ya tumbo kwa kupimia mtungi wa plastiki unaowakilisha mwili, wenye kipenyo cha sentimita 32 na nyingine wa sentimita 16, mionzi ikawa ileile na namba ya kwanza ikawa karibu nusu ya ya pili. Atakayetaka kuonekana mwema mbele ya mkaguzi hatakosa njia.

Mleta mada

Nimeshawishika kuhusu neno. Naliacha "ukomo" na kuomba viwango rejea vya taifa vinavyokusanywa kila mwaka, kwa swali linaloulizwa na si kwa kiungo peke yake. Kuhusu namba kwenye ripoti sirudi nyuma, kwa kuwa mashine huihesabu yenyewe na kuihifadhi kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kipimo, na kazi iliyobaki ni kuinakili.

Kuna jambo moja ambalo halijaguswa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto 42,412 walioumia kichwa, ambapo majeraha makubwa ya ubongo yalipatikana kwa asilimia 0.9 tu, na wakatengeneza kanuni ya kumtambua mtoto anayeweza kuangaliwa kwa saa kadhaa bila CT. Tukiitumia, wengi hawatafika mezani kwangu kabisa.

Mchangiaji wa kwanza

Naijua kanuni hiyo na naiheshimu. Imejengwa juu ya neno "kuangaliwa", na usiku katika wodi nyingi nilizofanyia kazi kuna muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Nipeni wauguzi watatu nitapunguza CT. Hadi hapo, picha ya kwanza ya mtoto aliyegongwa nitaendelea kuitaka safi. Namba kwenye ripoti naiunga mkono, na picha za kufuatilia mpira mnaweza kuzishusha mpendavyo.

Mchangiaji wa pili

Wiki iliyopita binti yangu alipigwa tena, na safari hii niliomba namba. Kijana aliyekuwa zamu alishangaa, kisha akaniandikia kwa kalamu nyuma ya bahasha: 212, akisema ni jumla ya kipimo chote. Je, ni kubwa au ndogo?

Mchangiaji wa tatu

Mama, kama ni miligrei kwa sentimita, ambacho ndicho kizio cha jumla hiyo, kiwango rejea cha Ulaya kwa kichwa cha mtoto wa umri wake ni 505. Yake iko chini ya nusu, na kwa kuangalia mpira hilo linaeleweka. Naomba kuuliza kama aliyeisoma picha aliweza kuviona vyumba vya maji.

Mchangiaji wa pili

Aliviona. Havikuwa vimepanuka.