Rock Creek Park: kipi cha asili, kipi cha walowezi?

Mfuata_kijito
Naandaa matembezi ya saa 2 ndani ya Rock Creek Park, Washington, kwa watu wazima wanaozungumza Kiswahili. Tutaanzia kwenye kinu cha maji cha Peirce Mill, kisha tufuate kijito. Nataka kila kituo kiwe na kitu cha kuonyesha kwa kidole. Naomba msaada kwa mambo 3: lile bwawa karibu na kinu nilielezeje, zile kingo za udongo zilizosimama wima kama ukuta zimetokana na nini, na msitu, je, ndio ule ule walioukuta walowezi?

Mhimili
Kwenye bwawa ndipo wengi wanapoteleza. Ukuta ule wenye maporomoko haukuwahi kuendesha kinu. Ulijengwa 1904 kupendezesha mandhari, wakati kinu kilikuwa kimekwisha kusimama tangu 1897, mhimili mkuu ulipovunjika.

Maji ya kusagia yalichotwa mbali zaidi upande wa juu, yakaletwa kwa mfereji uliokwenda karibu sawasawa ubavuni mwa mteremko huku kijito chenyewe kikizidi kushuka. Tofauti ya kimo kati ya hivyo viwili ndiyo nguvu yote ya kinu. Wape hesabu: lita 1 kwa sekunde ikishuka mita 1 ni takriban wati 10. Lita 200 kwa sekunde zikishuka mita 3 ni kilowati 6 hivi, kabla gurudumu na meno yake hayajala sehemu yake.

Popote penye kinu cha zamani, ukitaka kuuona mfereji usitafute shimo, kwani mengi yameshafukiwa. Tafuta kijia bapa kilichochongwa kwenye mteremko, chenye tuta upande wa bondeni. Ukikifuata kikaanza kupanda na kushuka, hiyo ni njia ya mikokoteni.

Na tafadhali, usiseme "Isaac Peirce alijenga kinu hiki miaka ya 1820" ukaishia hapo. Familia ile ilimiliki watumwa, na utumwa Washington ulifutwa tarehe 16 Aprili 1862. Waliofanya kazi kwenye ardhi ile watajwe.

Tope_na_changarawe
Kuhusu kingo: ukingo wima wa tope laini mara nyingi ni shamba la mtu lililohama. Walowezi walikata miti, wakalima tumbaku na mahindi kwenye miteremko, mvua ikaporomosha udongo, nao ukatulia nyuma ya mabwawa ya vinu. Kufikia 1840 mashariki ya Marekani ilikuwa na vinu vya maji zaidi ya 65,000. Bwawa likibomoka, kijito hukata lile tope kwenda chini na kuacha kuta.

Soma ukingo kuanzia chini. Kwanza changarawe. Juu yake tabaka jembamba jeusi, pengine lenye vipande vya mbao na mbegu za mimea ya kinamasi: hiyo ndiyo sakafu ya bonde kabla ya walowezi. Halafu ghafla, bila mpito, tope la kahawia hafifu lisilo na mawe, mita 1 au zaidi. Mstari ule mweusi ndio wa kuwaonyesha kwa kidole. Usipouona, usiwaambie ni tope la vinu, maana mafuriko ya kawaida nayo huacha tope.

Kijito kinapopita katikati ya miamba mikubwa, hapo ni maumbile. Miamba migumu ya Piedmont, yaani nyanda za juu upande wa bara, inaishia karibu na uwanda laini wa pwani, na mteremko ule mkali ndio uliowavutia wajenzi wa vinu.

Angalizo: msisimame chini ya ukingo maji ya mafuriko yanapopungua. Udongo bado umelowa na ni mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Huanguka wakati huo.

Mwaloni
Msitu sio ule ule. Licha ya ile iliyokatwa kwa ajili ya mashamba, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilifyeka miti mingi kuzunguka ngome za Washington ili mizinga ione mbali; tuta la Fort DeRussy bado limo ndani ya hifadhi. Mwaloni wenye matawi mazito yaliyotanda chini ulikulia uwanjani, penye jua. Wenye shina refu lisilo na matawi ulikua ukibanwa na wenzake. Ukikuta wa kwanza umezungukwa na wa pili, umesimama mahali palipokuwa wazi. Mistari ya maua ya dafodili porini huashiria msingi wa nyumba.

Kuna pia walichoacha wenyeji wa asili, waliokuwapo kabla ya walowezi. Kwenye bonde la Piney Branch walichimba kokoto za kwatsaiti, aina ya jiwe gumu, na kuchonga zana. Wapo waliodhani vipande vile butu ni zana za enzi za kale kabisa, mpaka William Henry Holmes alipochimba pale mwaka 1889 na kuonyesha kuwa ni mabaki yaliyotupwa wakati wa kuchonga. Wageni wasiokote hata kipande: sheria ya 1979 inakataza, na jiwe likihama halielezi tena chochote.

Mfuata_kijito
Nashukuru sana. Matembezi ni katikati ya Aprili. Kijito kitakuwa na cha kuonyesha?

Mhimili
Heringi, samaki wa baharini. Majira ya machipuko hupanda kutoka Atlantiki kuja kutaga, na bwawa lile la 1904 liliwazibia njia mpaka ilipojengwa ngazi ya samaki pembeni. Simameni kwenye ngazi hiyo, mtazame kutoka ukingoni tu. Kuingia majini hakuruhusiwi, na baada ya mvua kubwa maji hubeba uchafu wa mabomba ya mji.