Kopo la shilingi 35,000 limekula rangi ya mlango wangu: wauzaji wa dawa za mikwaruzo watueleze ukweli

Ndugu wanajukwaa, nimekaa na hasira hii tangu Jumamosi, na ninaandika kwa sababu ninaamini si mimi peke yangu niliyenunua kopo la namna hii hapa Kampala.

Mwezi uliopita bodaboda iliyokuwa ikijipenyeza katikati ya magari kwenye msongamano wa Barabara ya Jinja ilinikwaruza mlango wa mbele kwa ncha ya usukani wake. Mkwaruzo ulikuwa na urefu wa kiganja hivi, na mwenye pikipiki alikuwa ameshapotea kabla sijateremsha kioo. Gari langu ni Toyota ya buluu iliyokoza, iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu, na rangi yake ilikuwa bado ile ya kiwandani. Fundi wa rangi wa Ndeeba alitaka shilingi 300,000 ili aupulize mlango mzima. Niliona ni nyingi, na ndipo duka moja la vipuri likaniuzia kwa shilingi 35,000 kopo la krimu ambayo, kwa maneno ya muuzaji, huondoa mkwaruzo wowote kwa mkono, nyumbani, bila fundi.

Alinishawishi kwa onyesho. Alikuwa na kipande cha boneti kuukuu juu ya meza, akaupaka mkwaruzo wake krimu kidogo, akafuta, nao haukuonekana tena. Leo ninajua alichokifanya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Krimu ile ina mafuta na nta, na vitu hivyo vikishaingia ndani ya mkwaruzo, mwanga hautawanyiki tena kwenye kingo zake, kwa hiyo jicho halioni kitu. Hata maji matupu ukiyamwagia mkwaruzo mwepesi, hupotea mpaka yakauke. Kwangu ulipotea kwa siku mbili. Mvua iliponyesha na gari likaoshwa, ukarudi vilevile.

Nilimpigia simu. Hakusema kwamba dawa yake ina kikomo. Alinilaumu kwamba nimesugua kama mtu anayepangusa vumbi, akaniagiza nichukue sponji ya kuoshea vyombo, nitumie upande wake wa kijani ulio mgumu, nikandamize kwa nguvu zote. Nilifanya hivyo mchana, juani, bati likiwa la moto. Baada ya dakika ishirini hivi nilifuta kwa kitambaa, nikakigeuza, nikaona krimu iliyokuwa nyeupe imekuwa buluu. Nikampigia tena. Akanijibu: “Ssebo, usiwe na wasiwasi, huo ni uchafu unatoka.”

Ilikuwa rangi ya gari langu. Gari kama hili lina praima, yaani rangi ya msingi iliyoshikana na bati, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu ambayo mafundi huiita kliya. Kliya hiyo ina unene wa maikromita 40 au 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua na kuipa mng'ao. Yapo magari ya zamani, hasa meupe, yaliyopakwa rangi bila kliya, na kwa hayo ni kawaida kitambaa kuchukua rangi tangu mwanzo. Muuzaji hakuniuliza gari langu ni la aina gani. Wala hakuniambia kwamba kompaundi yoyote, yaani krimu yenye chembe za kusugulia kama hii yake, pamoja na dawa ya meno ambayo watu wanaisifu kila siku mitandaoni, haina uwezo wa kurudisha kilichokwisha kukwanguliwa. Kazi yake ni kuila kliya iliyo pembeni mwa mkwaruzo hadi ilingane na kina chake. Kwenye mkunjo wa mlango, mahali ambapo kliya ni nyembamba na mkono hukandamiza zaidi, niliimaliza kliya yote kabla mkwaruzo haujaisha. Sasa nina doa lenye ukubwa wa kisahani, limefifia kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kitambaa kikavu, na katikati yake mkwaruzo ungalipo.

Fundi yule wa Ndeeba, niliporudi kwake kwa aibu, alipitisha ukucha kwa kuukatisha mkwaruzo, na ukucha ukanasa. Hicho ndicho kipimo chote, na hakigharimu hata shilingi. Ukucha ukinasa, kwa kawaida mkwaruzo umezama mno kuondolewa kwa kusugua. Wangu ulihitaji kujazwa kwa brashi ndogo, kwa rangi iliyochanganywa kufuata namba iliyo kwenye kibati cha gari. Ukucha ukiteleza, kazi ya mkono inawezekana, lakini kwanza gari lioshwe vizuri, kwa maana punje za vumbi letu la murram zikibaki chini ya kitambaa huchora mikwaruzo mipya, kisha bati lipoe kivulini, mikunjo ifunikwe kwa utepe wa karatasi, na kompaundi laini isuguliwe sehemu ndogo ndogo kwa kitambaa cha maikrofaiba, huku ukisimama kutazama kila baada ya muda mfupi. Msasa wa maji wa namba 2000 haufai kushikwa na mtu ambaye hajawahi kujaribu kwenye bati bovu.

Kopo langu halina neno hata moja kati ya hayo. Halisemi ukali wa chembe zake, halisemi lisitumiwe juani, halitaji kliya kabisa. Duka limekataa kurudisha fedha kwa madai kwamba nimelitumia vibaya, ilhali maelekezo yote yalitoka kinywani mwa muuzaji wao. Nimekihifadhi kile kitambaa cha buluu pamoja na kopo, na Jumatatu ninavipeleka UNBS, kwenye shirika la viwango. Aliyeuziwa krimu ya namna hii na kuharibikiwa aandike hapa ni lini, ilikuwa gari la rangi gani na aliambiwa nini, ili nisiende na kopo moja tu mkononi.