Kampuni tatu, nyapara mmoja: nihesabu mashamba mangapi?

KaraniWaSabaki: Wanajamvi, salaam aleikum. Niko kwenye hesabu ya mashamba ng'ambo ya Mto Sabaki, upande wa Magarini, na nimekwama. Nimekuta vibao vya kampuni tatu kwenye lango moja. Ya kwanza ina hati, ya pili imekodi ardhi na inalima matikiti, ya tatu ina lori na pampu. Pampu yenyewe ni moja, mabomba yake yanafika kote. Nyapara mmoja, daftari la vibarua moja. Nikiandika matatu, wastani wa ekari unashuka, itaonekana wakulima wadogo wameongezeka na hakuna aliyeongezeka. Msimamizi anataka nifuate hati. Moyo unakataa. Nifanyeje?

BintiKakuyuni: Kaka, hati haisemi nani analima. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa sensa za kilimo, duru ya 2020, unahesabu kilicho chini ya usimamizi mmoja, bila kujali hati wala kampuni. Muulize nyapara: nani anaamua kinachopandwa? Mishahara inatoka kwa nani? Majina yote matatu yaandike pembeni. Mwakani moja likibadilishwa, mwenzako atadhani shamba jipya limezaliwa.

MzeeGanda: Mwanangu, angalia na upande wa pili. Sisi ndugu watano tulisajili kampuni baada ya baba kufariki, minazi isigawanywe. Karani akaja, akatuandika pamoja na wawekezaji wakubwa. Anayelima ni dada yangu na wanawe, kwa jembe! Iliniuma sana. Uliza hisa ni za nani. Na huku pwani, ardhi yaweza kuwa na mwenyewe na mnazi ukawa na mwenyewe mwingine.

BintiKakuyuni: Shikamoo mzee, kweli kabisa. Hata Marekani kampuni nyingi za kilimo ni za familia. Wao hutazama kama zaidi ya nusu ya biashara ni ya mwendeshaji na jamaa zake.

MkaaWitu: Na wanaolima ndani ya hati hiyo bila mkataba? Ukifuata hati peke yake hutawaona. Zunguka mpaka wote kwa miguu.

KaraniWaSabaki: Shukran sana. Nimezunguka leo. Mbegu na mishahara ya kampuni zote ni za bwana mmoja, humpigia nyapara kila Jumapili jioni. Ila nyuma ya mkorosho mkubwa nimewakuta kina mama wawili, kila mmoja na mihogo yake, hawamwulizi mtu. Kwa hivyo naandika matatu, lakini si yale ya vibaoni. Kesho nampelekea msimamizi.