Kijana wetu wa Ujiji amesajiliwa Ligi Kuu: fedha zake zikae wapi?

Mjomba wa Ujiji

Wakuu wa jukwaa hili, habari za jioni. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma, kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 21, amesaini mkataba wa miaka 2 na timu ya Ligi Kuu, na kabla hajacheza hata dakika moja ataingiziwa fedha za usajili ambazo ukoo wetu haujawahi kuziona zikiwa mahali pamoja. Kiasi sitakitaja. Niseme tu kwamba dada yangu, aliyemlea kijana huyu kwa kuanika na kuuza dagaa pale mwalo wa Kibirizi, alipoonyeshwa karatasi alizihesabu sifuri kwa kidole mara tatu, kisha akaniuliza kama hakuna iliyoongezwa kwa makosa.

Furaha ipo, lakini nimeanza kusoma habari za wanamichezo wa nje na hofu imenishika. Mike Tyson anakadiriwa kuingiza zaidi ya dola milioni 300 kwa ngumi zake, akafuga hadi chui milia, na mwaka 2003 aliiomba mahakama imtambue kuwa amefilisika. Bondia mwenzake, Evander Holyfield, alijenga jumba la vyumba 109 kule Georgia, na jumba hilo likamponyoka kwa sababu ya madeni. Antoine Walker alilipwa zaidi ya dola milioni 100 katika mpira wa kikapu, akatwaa ubingwa wa NBA mwaka 2006, na mwaka 2010 naye akatangaza kufilisika. Ikiwa watu wenye mawakili na wahasibu wanafikia hapo, mtoto wa mwaloni atapona vipi?

Naomba kuelimishwa ni nini hasa hutokea. Pili, nafikiria fedha hizi ziingie kwenye akaunti yangu, nimtunzie, niwe nampa kidogo kidogo. Mimi ndiye niliyemnunulia daluga zake za kwanza, sina tamaa na mali ya mtoto, na mjomba kwetu si mtu wa kupuuzwa.

Kipa Mstaafu, Tabora

Shikamoo mzee wangu. Nimedaka katika madaraja mbalimbali kwa misimu 9, miwili kati ya hiyo Ligi Kuu, na leo ninaishi hapa Tabora kwa kufundisha makipa watoto na kuuza vifaa vya michezo katika fremu ya kupanga. Nitakueleza yaliyonipata bila kuitaja timu wala mtu.

Watu hudhani fedha za mchezaji huishia kwenye starehe, na wapo ambao kwao ni kweli, lakini mimi sikunywa pombe wala sikuwa mtu wa kumbi za muziki. Fedha zangu za usajili ziliondoka kwa mambo ambayo ukiyasikiliza moja moja hutaona kosa: ada za watoto wa ndugu, mtaji wa duka la shemeji, msiba, harusi, na gari lililotumika ambalo nililinunua kwa sababu wenzangu kambini walikuwa nayo, ingawa mafuta yake nilikuwa nakopa. Kisha nikanunua kiwanja huku Ipuli kwa njia ya simu, kwa kumwamini mtu wa nyumbani. Nilipokuja likizo nilikuta msingi umepanda kozi mbili na saruji imekwisha, na hesabu yote ilikuwa imeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Msingi ule upo hadi leo. Jirani amepanda mahindi katikati ya vyumba viwili vya kulala, na kila mwaka huniletea debe moja kwa heshima.

Jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani ni hili. Goti liliharibika katika msimu wangu wa pili wa Ligi Kuu, na mkataba haukuongezwa. Mshahara ulikoma mwezi Juni, lakini niliendelea kutuma fedha nyumbani kwa miezi 8 kwa kukopa, mikopo hii ya kausha damu, kwa sababu niliona aibu kuwaambia kwamba sina timu. Wao hawakuniomba kwa ukatili, walikuwa hawajui. Mzee, madeni ya miezi hiyo 8 yalinitesa kuliko gari na kiwanja kwa pamoja. Kwa hiyo kabla hamjazungumza akaunti, kubalianeni kwamba siku kijana akikaa benchi, akiumia au akiachwa, atakuwa na ruhusa ya kuwaambia bila kuonekana amewasaliti.

Mama Mhasibu, Mwanga

Ndugu Mjomba, asante kwa swali, na nakupa pole Kipa kwa uliyopitia. Mimi ni mhasibu hapa Kigoma mjini, na kazi yangu ya kila siku ni hesabu za wafanyabiashara wa ziwani, kwa hiyo nitaanzia ziwani.

Dada yako analijua jambo hili kuliko mtaalamu yeyote. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukipevuka taa hazivutii tena samaki, vyombo hupandishwa ufukweni, watu wakatulia. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilifungwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mfanyabiashara aliyepanga maisha yake kwa hesabu ya usiku mmoja mzuri aliumia, na yule anayejua kuugawa usiku huo katika siku zote za mbalamwezi alivuka. Kipato cha mwanamichezo ni usiku wa giza wa miaka 6 au 8, kisha mbalamwezi ya miaka 40. Wengi wanaofilisika hawakukosa akili. Waliyachukulia malipo ya mwaka mmoja kuwa kipimo cha maisha yao yote, wakajifunga na matumizi yasiyopungua siku kipato kinapokatika.

Upo utafiti wa wachumi wa Marekani, uliotolewa mwaka 2015, uliowafuatilia wachezaji walioingia NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kati ya mwaka 1996 na 2003. Karibu asilimia 16 walikuwa wamefungua maombi ya kufilisika ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu. Kilichonishangaza si asilimia hiyo. Aliyelipwa zaidi na aliyecheza muda mrefu hakuwa salama zaidi kuliko mwenzake, wakati ungetegemea kwamba fedha nyingi zingekuwa kinga. Walker uliyemtaja hakuangushwa na kamari na marafiki peke yake. Alijenga na kununua nyumba kule Chicago kwa mikopo aliyoidhamini yeye mwenyewe, na soko la nyumba lilipoporomoka, wenye kudai walimfuata yeye.

Sasa nije kwenye akaunti yako, na unisamehe nitakaposema wazi: usifanye hivyo. Sikutuhumu. Wanamichezo wengi hawakuangushwa na maadui, bali na watu waliokabidhiwa kila kitu bila mwingine wa kuangalia. Mwanariadha Usain Bolt hakuwa mbadhirifu, aliweka akiba yake katika kampuni ya uwekezaji jijini Kingston, na mwezi Januari 2023 mawakili wake walieleza kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilikuwa zimetoweka, zikabaki kama dola 12,000 tu. Tim Duncan, mtu mtulivu kuliko wote katika mpira wa kikapu, alidanganywa na mshauri wake wa fedha aliyekuwa naye kwa miaka mingi, na mshauri huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2017. Wewe ni mwaminifu, lakini ukiugua leo, au ukifariki, Mungu apishe mbali, fedha zilizo katika akaunti yako zitahesabiwa kuwa mirathi yako, na kijana atabaki akiwaeleza wanao kwamba zilikuwa zake.

Akaunti iwe kwa jina lake. Mkataba usomwe na wakili kabla ya yote, na aulize kama kiasi kilichoandikwa ni kabla ya kodi au baada yake, kwa kuwa sehemu ya mshahara wa mwezi inayozidi shilingi 1,000,000 hukatwa kodi ya asilimia 30, na vijana wengi hupanga matumizi kwa fedha ambazo si zao. Aulize pia kama timu inamchangia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako michango ya mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na wachezaji wachache mno hufika huko uwanjani, kwa hiyo ajue mapema kwamba atalazimika kuendelea kuchangia katika kazi itakayofuata.

Fedha za usajili zenyewe, mimi ningeziondoa mbele ya macho haraka. Hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali kwa riba, huuzwa na Benki Kuu kwa mnada, mtu huanza na shilingi 1,000,000, na riba hulipwa kila baada ya miezi 6. Kijana wa miaka 21 akinunua ya miaka 20, atapokea riba mara mbili kwa mwaka mpaka afikishe miaka 41, umri ambao hata makipa huwa wamekwisha kutundika daluga. Allen Iverson wa mpira wa kikapu, ambaye mishahara yake ya zaidi ya dola milioni 150 iliyeyuka, anaripotiwa kuokolewa na jambo la namna hii: mkataba wake na Reebok, kampuni ya viatu vya michezo, ulimwekea dola milioni 32 ambazo haruhusiwi kuzigusa mpaka afikishe miaka 55, yaani mwaka 2030. Mtu aliyeandika kifungu kile alimfahamu Iverson vizuri.

Mwanakigoma Aliyeko Dar

Naheshimu michango iliyotangulia, lakini naona tunawapima wachezaji wetu kwa kibaba cha Wamarekani. Mchezaji wa kawaida wa ligi yetu hana cha kufuja. Anapewa fedha za usajili kwa awamu, awamu ya pili inachelewa, mshahara unalimbikizwa miezi, kisha akikopa ili alipe pango tunasema ameshindwa kutunza fedha. Nilikuwa Kigoma tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na mji ulifurika kiasi kwamba watu walilala kwenye vibaraza. Mimi hujiuliza ni kiasi gani cha fedha za siku kama ile humfikia mchezaji.

Na mfano tunao nyumbani. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, na akaleta medali ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980, wakati ambapo riadha haikuwa na malipo ya kusema. Hata hivyo ana shule zenye jina lake kule Kibaha. Je, huyo alifundishwa hatifungani na nani?

Kipa Mstaafu, Tabora

Ndugu yangu wa Dar, kuhusu kucheleweshewa umesema kweli tupu, nami nilidai miezi 4 ambayo sijalipwa hadi leo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwa mkali zaidi na kile kidogo kilichoingia. Bayi alijenga taratibu, kwa miaka mingi, baada ya mbio. Sisi tulitaka kujenga kati ya Julai na Agosti, kabla ya ligi kuanza.

Mjomba wa Ujiji

Nimerudi, na nawashukuru wote. Mama Mhasibu, maneno yako yalinichoma, hasa ya mirathi, nikakaa siku mbili bila kujibu.

Jumapili tulikutana ukoo mzima nyumbani kwa dada. Kabla sijafungua mdomo, yeye alimwambia kijana achukue daftari, akatuagiza kila mmoja aseme kwa sauti anachotarajia kutoka kwa mtoto huyu. Alisema haya ya kunong'onezana jikoni hayataki. Basi tukasema. Kaka mkubwa alitaja nyumba ya kupangisha Katubuka. Shangazi alitaja ada za wajukuu watatu. Binamu alitaka bodaboda, na baadaye akabadilisha ikawa bajaji. Nami niliyewaandikia hapa kwamba sina tamaa, nilijikuta nataja injini ya boti, ya nguvu za farasi 40, eti kwa manufaa ya familia. Kijana alijumlisha kimya kimya, akampa mama yake daftari. Jumla ilizidi fedha za usajili zaidi ya mara mbili, na yeye mwenyewe alikuwa hajaandika hata soksi. Kaka mkubwa alivaa kofia yake akatoka nje kuangalia mbuzi, ingawa sisi hatufugi mbuzi.

Lililoamuliwa ni kwamba akaunti ni yake peke yake, paa la mama litaezekwa upya, shangazi atalipiwa mtoto mmoja badala ya watatu, na nyumbani patatumwa kiasi kimoja kila mwezi, ambacho kitasimama mwezi ambao mshahara hautatoka, bila mtu kupiga simu kuuliza. Neno hili la mwisho tulilichukua kwa Kipa, na kijana alimwomba mama yake alirudie mbele ya watu wote. Injini ya boti ilikatwa kwa kalamu nyekundu.

Nina swali moja lililobaki. Anaondoka kwenda kambini wiki ijayo. Hiyo hatifungani ni lazima aifuate Dar es Salaam, au anaweza kuanza taratibu akiwa hapa Kigoma?

Mama Mhasibu, Mwanga

Aanze hapa hapa. Aende kwenye benki yake akiwa na kitambulisho cha taifa na picha ndogo, aulizie fomu ya kufungua akaunti ya CDS, ambayo ndiyo hutunza kumbukumbu za hatifungani za mtu, kisha asubiri tarehe ya mnada. Wewe msindikize, Mjomba, lakini ukae kwenye benchi la nje.