Mtoto kavunjika paja, mama mkwe anataka tukate hogo (plasta) twende kwa fundi wa mifupa. Naombeni ushauri

Mama Zuu
Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Nipo Tanga hapa Mabawa, mwanangu wa kike ana miaka mitatu kasoro, aligongwa na bodaboda mbele ya nyumba akavunjika paja la kulia. Hospitali ya Bombo wakampiga picha wakamfunga lile hogo kubwa, linaanzia juu ya tumbo linashuka mguu ulovunjika mpaka karibu na vidole, na ule mzima linaishia gotini, katikati wameweka kijiti miguu imetanuka kama chura. Tumerudi nyumbani, wiki ijayo kliniki apigwe picha tena.

Sasa joto la Tanga mnalijua, mtoto anawashwa halali, mkojo unaingia kwenye plasta imeanza kunuka na pampasi hata sijui naipitishaje. Ila kubwa ni hili, mama mkwe kaiona ile picha kaona mfupa haujakutana sawasawa, kipande kimoja kimempandia mwenzie, basi toka hapo hakuna amani ndani. Anasema mtoto atakuwa kiwete, tukate hogo twende Muheza kuna mzee anaunga kwa kuku, yaani anamvunja kuku mguu anamfunga dawa, kuku akitembea na mtoto anatembea. Mume wangu yuko baharini, nikimpigia ananiambia msikilize mama. Jamani kuna aliyepitia?

kaka_wa_Kange
Msikilize mama mkwe. Mimi niliungwa mkono na fundi nikiwa mdogo huko Handeni na mpaka leo nabeba zege. Hospitali wana haraka sana.

Shangazi Pili
Na huyo kuku kakosa nini lakini 😂

nesi_mstaafu
Mama Zuu pole sana mwanangu. Nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi, naanza na hiyo picha maana ndo inayowagombanisha. Kwa mtoto wa umri huo mfupa wa paja kupandana sentimita moja hadi mbili daktari anaukubali, na siyo uzembe. Paja la mtoto likivunjika, damu inakwenda kwa wingi pale na mguu ule unarefuka haraka kuliko mwenzake kwa mwaka mmoja miwili hivi, kwahiyo ukiungwa ncha kwa ncha unaweza hata kuja kuupita ule mzima. Kilicho muhimu ni usipinde sana wala usigeuke, na ndo maana mmeambiwa mrudi wiki ijayo, wanataka kuona kama umetulia pale pale. Mkikata hogo sasa hivi misuli ya paja itauvuta mfupa upandane zaidi, hapo ndo mtamtafutia huo ukiwete.

Kaka wa Kange nakuheshimu, ila mfupa wa mtoto una tabia ya kuunga wenyewe, wa miaka miwili mitatu ni wiki nne hadi sita tu. Kuku akipona fundi anasifiwa, mtoto akipona fundi anasifiwa tena. Wale tuliopokea mguu umeshakuwa mweusi kwa kukazwa vijiti na kamba hawaji mtandaoni kusimulia. Na kukanda mfupa uliovunjika ni mateso ya bure.

mama_mapacha_Chumbageni
Mimi nilipitia na wa kwangu wa kiume kwahiyo nikwambie ya pampasi. Nunua saizi mbili, ndogo kuliko anayovaa na kubwa kuliko anayovaa. Ile ndogo ichomeke ndani chini ya kingo za plasta mbele na nyuma bila kuifunga, halafu kubwa ifunge juu ya hogo iishike. Kila masaa mawili unaangalia, usiku usipitishe matatu manne. Akilala mwinue kidogo upande wa kichwa kwa mto ili mkojo ushuke chini usipande mgongoni. Usimwage poda wala mafuta ndani, inaganda inakuwa uji, afadhali kitambaa kibichi kilichokamuliwa ufute kingo basi. Na usije ukamnyanyua kwa kile kijiti cha katikati!! Kinakatika na hogo linalegea.

Mama Zuu
Asante dada yangu hilo la kijiti nilikuwa sijui na wifi ndo kishikio chake. Kuhusu muwasho jirani kaniambia nipitishe sindano ya kufumia nimkune.

nesi_mstaafu
Hapana, usipitishe kitu chochote. Kidonda kikitokea humo ndani hukioni. Mpepee, muwekee feni ipulize kwenye kingo, gonga gonga juu ya hogo, mgeuze kila masaa machache, alale na kifudifudi ukiwa karibu, visigino vining'inie visigandamizwe. Harufu ya mkojo ni kawaida ila ikiwa ni ya kitu kilichooza, au ana homa, au hogo limelowa likalainika, mrudishe. Vidole ndo vya kutazama kila siku, minya ukucha uachie, wekundu urudi sekunde mbili tu. Vikiwa vya baridi, vimepauka, vimevimba, au analia maumivu na dawa haimtulizi, usisubiri kliniki, nenda hata usiku. Panadol ya maji mpe kwa uzito wake kama walivyokuandikia, isizidi mara nne kwa siku, na asprini asipewe.

Shangazi Pili
Mchemshie supu ya kongoro mifupa ishikane haraka.

mama_mapacha_Chumbageni
Supu sawa ila dagaa watafunwe na mifupa yao pamoja na maziwa ndo kuna kalsiam ya kueleweka. Na kidogo kidogo, akishiba sana hogo linambana tumbo anatapika. Papai na maji kila siku maana kulala hivyo choo kinakuwa kigumu balaa. Halafu likitolewa usishtuke, mguu utakuwa mwembamba ngozi inabanduka na atachechemea wiki kadhaa, huyo mama mkwe mwambie mapema asije akaanza upya.

Dereva_Makorora
PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mlichukua lakini? Hiyo ni ajali ya barabarani, bila hiyo huyo wa bodaboda atawakimbia na gharama.

Mama Zuu
Ipo mkuu, tulianzia polisi. Nimemsomea mama mkwe hii ya nesi yote, kanyamaza tu, kasema atakwenda kliniki na yeye akamuulize daktari kwa mdomo wake. Nami nimeona bora iwe hivyo. Tatizo ni usafiri, kwenye bajaji hogo halikunjiki, akikaa miguu inatoka nje.

Dereva_Makorora
Bajaji hapana, nina Noah siti ya nyuma inalala, mtamlaza na mito pembeni bibi amshike. Mafuta mtachangia mkiweza. Njoo inbox unipe siku.