Krismasi ndani ya RV (gari la kuishi ndani yake), kusini mwa Marekani: tupeane uzoefu

Mama Tumaini, Houston
Wakubwa shikamooni, na wengine habari za siku nyingi. Juzi nilipita kando ya kambi moja ya RV huku pwani ya Ghuba ya Mexico, nikaona wazee wamekwisha kuzungushia taa za rangi mitende na vigari vyao vya gofu, nikakumbuka Krismasi tuliyoila Mission, kule kusini kabisa mwa Texas, mume wangu alipokuwa na kazi ya ujenzi na nyumba yetu ilikuwa ya magurudumu. Wazee hao hushuka kutoka Minnesota, Iowa na Kanada baridi inapoanza, na wengi hawarudi kwao hadi Machi au Aprili. Kwa kuwa karibu kila mmoja ameacha watoto na wajukuu mbali, siku ya Krismasi hakuna anayeachwa ale peke yake: kambi hutoa bata mzinga, nanyi mnakuja ukumbini kila mmoja na sahani yake. Mimi nilipeleka maandazi ya iliki, na kesho yake asubuhi bibi mmoja wa Manitoba, Kanada, akanigongea mlango na daftari mkononi ili nimtajie vipimo. Mwaka huu tunataka kurudi na watoto, pamoja na mama mkwe aliyefika kutoka Tanga. Mliokaa huko, tupeane uzoefu, mazuri na mabaya.

Kaka wa Malori
Ni kweli kabisa, dada, na usisahau tamali, vile vyakula vya unga wa mahindi vilivyofungwa kwa maganda, ambazo akina mama wa Kimeksiko huuza kwa dazeni msimu huo.

Babu wa Brownsville
Marahaba, mwanangu. Nilikuwa huku mkesha wa Krismasi wa mwaka 2004, theluji ilipoanguka Brownsville, mji wa michungwa na mitende ambao haukuwa umepata theluji ya kupimika tangu mwaka 1895. Ilifika takriban sentimita 4 tu, ingawa mji wa Victoria, kaskazini yetu, walipata zaidi ya 30. Watoto wa mjini waliizoa kwa ndoo na kuihifadhi kwenye friza. Jirani yangu wa Minnesota, aliyekuwa ameikimbia theluji hiyo hiyo zaidi ya kilomita 2,000, alisimama nje na kandambili miguuni, akacheka hadi akakaa chini, kisha akatufundisha sote kukwangua kioo cha gari kwa kadi ya plastiki.

Nesi wa Mikataba
Babu, theluji yenu ilikuwa ya heri. Mimi ni muuguzi wa mikataba, ninahama hospitali kila mkataba unapokwisha, na RV ndiyo nyumba yangu. Desemba 2022, siku mbili kabla ya Krismasi, baridi kali ya kaskazini ilitushukia hadi huku pwani. Umeme wa kambi yetu ulikuwa wa ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa jumla, na hita moja ndogo hula wati 1,500. Ukiwasha mbili pamoja na maikrowevu, breka, yaani swichi ya usalama, inaruka na umeme unakatika. Usiku ule ziliruka moja baada ya nyingine. Familia moja, watu wetu wa Afrika Mashariki, iliingiza jiko la mkaa ndani ili ipate joto. Binti yao akaja kunigongea akisema mama anaumwa kichwa na anatapika, na baba hali kadhalika. Watu wawili, chumba kimoja, dalili zile zile: sikuhitaji kipimo. Tuliwatoa nje wakiwa wamefunikwa mablanketi, tukaita gari la wagonjwa, nao walipona. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Nawasihi, mkaa usiingie ndani ya RV, wala msiote moto wa jiko la gesi, na kengele ya kugundua hewa hiyo ijaribiwe kabla hamjaondoka nyumbani.

Fundi Bomba
Pole sana, dada. Kwa upande wa maji, acheni bomba lidondoke usiku kucha, kwani maji yanayotembea hayagandi haraka.

Dereva wa I-10
Fundi, ushauri huo ni wa nyumba ya matofali. Katika RV, maji yanayodondoka hupita kidogo kidogo kwenye mpira wa majitaka na kugandia humo, na asubuhi mpira wote umeziba kwa barafu. Jaza tenki la ndani mchana, chomoa mpira wa maji safi na uumwage, kisha ufunge valvu za majitaka hadi jua litoke.

Fundi Bomba
Nimefanya kazi ya mabomba tangu Dar es Salaam. Funga waya wa joto kwenye mpira na hakuna kitakachoganda.

Dereva wa I-10
Waya wa joto unataka umeme, na dada Nesi amekwisha kusema breka zilikuwa zinaruka.

Bint Pangani
Kabla ya mabomba, Mama Tumaini aulize kwanza kama watoto wanaruhusiwa. Sisi tulifika kambini na watoto wetu tukaambiwa ni kambi ya wenye miaka 55 na zaidi, na kwamba watoto wanaweza kutembelea mchana lakini wasilale. Ilikuwa tarehe 23 Desemba, giza limeingia. Kumfukuza mtoto siku za Krismasi ni ubaguzi, na sitaita kwa jina lingine.

Mwanasheria Mstaafu
Binti, machungu yako nayaelewa, lakini sheria ya mwaka 1995 inaziruhusu jumuiya hizo, mradi angalau asilimia 80 ya makazi yanayokaliwa yawe na mtu mmoja mwenye miaka 55 au zaidi. Walipaswa kukuambia ulipoweka nafasi, na hapo ndipo una haki ya kulalamika.

Bint Pangani
Shikamoo mzee. Sheria inaweza kuwaruhusu na bado wakawa wametukosea.

Mpare wa Mobile
Naomba niwakatize, maana naona tunajadili mipira ya maji na hakuna aliyetaja upepo. Tarehe 25 Desemba 2012 tulikuwa katika kambi nje kidogo ya Mobile, Alabama. Tangu mchana kulikuwa na joto la kunata lisilofanana na Desemba. Meza zilikuwa zimeandaliwa ukumbini, na mke wangu alikuwa njiani na sufuria ya pilau, simu zetu zilipolia zote kwa mara moja kutangaza tonado, kimbunga cha nchi kavu. Mzee aliyekuwa msimamizi alipita akigonga kila mlango kwa fimbo yake: tokeni, nendeni bafuni. Mabafu ya kambi ndiyo jengo pekee lililokuwa la matofali ya saruji. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mabati. Tulijazana humo na mbwa wao na mitungi yao ya oksijeni, watoto tukawaweka chini ya masinki na kuwafunika taulo. Msimamizi akaanza kuita majina kutoka orodha ya kambi. Wanandoa wawili wazee hawakuitika. Walikuwa hawasikii vizuri, na usingizi wa mchana ulikuwa umewachukua. Mimi na kijana mmoja tulikimbia kuwafuata, mvua inapiga kwa ubavu, tukawabeba karibu kuwaburuta. Tulipofunga mlango, masikio yaliziba, taa zikazimika, na milango ya vyoo ikaanza kujifungua na kujibamiza yenyewe. Mke wangu alikuwa bado ameikumbatia ile sufuria na anasali Kipare. Tonado ilipita katikati ya mji, ikaharibu shule ya Murphy iliyokuwa imefungwa kwa likizo, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa Mobile. Kwetu ulifika upepo tu, lakini upepo huo ulitosha kuilaza chali RV ya wale wanandoa. Kitanda walichokuwa wamelalia kilikuwa chini ya kabati la vyombo.

Kaka wa Malori
Mungu ni mwema. Walilala wapi?

Mpare wa Mobile
Kwetu, hadi mtoto wao alipofika kutoka Indiana. Mpaka leo hunipigia simu kila Krismasi.

Mama Tumaini, Houston
Pole sana, kaka yangu. Sasa mama mkwe nimpeleke au nimwache?

Bint Pangani
Mwache hotelini, dada. Mgeni wa Tanga hajui ngazi za RV wala choo cha kemikali.

Babu wa Brownsville
Mpeleke. Bibi yetu alikuja, na wazee wa kambi wakamfundisha karata hadi akawa anawashinda.

Mpare wa Mobile
Mpeleke, lakini unapoweka nafasi omba kiwanja kilicho karibu na mabafu, uulize yamejengwa kwa nini, na ununue redio ya hali ya hewa ya betri, kwani minara ya simu nayo huanguka.

Nesi wa Mikataba
Na dawa zake za presha mzibebe za kutosha, maana maduka ya dawa mengi hufungwa siku yenyewe.

Mama Tumaini, Houston
Nimewasikia nyote. Kesho nawapigia simu wenye kambi, nianze na swali la watoto, kisha la matofali.