Naomba ushauri: mifumo endeshi mitatu kwenye Raspberry Pi moja ya shule, na kazi za wanafunzi zinazotoweka na kurudi

Mwalimu wa Makorora (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Tanga mjini, na kila Jumatano na Jumamosi ninasimamia klabu ya kompyuta yenye wanafunzi wapatao 20. Kompyuta yetu ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye kumbukumbu ya GB 4, zawadi ya mhitimu mmoja wa shule, pamoja na kadi ya kuhifadhia (microSD) ya GB 32, diski ya SSD ya GB 240 inayochomekwa kwenye tundu la USB, runinga ya zamani na ruta isiyo na intaneti. Tuna pia vishikwambi vinane.

Ninahitaji kompyuta hii ifanye kazi tatu. Kwanza, Raspberry Pi OS, ili wanafunzi wajifunze kuandika programu kwa Python na Scratch. Pili, mfumo wa maktaba wenye Kiwix, ili vishikwambi viweze kusoma Wikipedia na vitabu kupitia waifai bila intaneti. Tatu, LibreELEC, kwa ajili ya kuonyesha video za masomo kwenye runinga. Mwanzoni nilikuwa ninaifuta kadi na kuandika mfumo mwingine kila nilipohitaji kubadilisha kazi, na kwa njia hiyo tulipoteza kazi za muhula mzima.

Kwa kuogopa hasara hiyo isijirudie, wiki tatu zilizopita niliinakili kadi yote, mzimamzima, kwenda kwenye SSD kwa kutumia laptopu yangu na amri ya dd, kisha nikaviacha vyote viwili vimechomekwa ili SSD iwe nakala ya akiba. Tangu siku hiyo kuna jambo ambalo sijaweza kulielewa: kazi iliyohifadhiwa Jumatano haionekani Jumamosi, halafu Jumatano inayofuata inaonekana tena, huku ile ya Jumamosi ikiwa haipo. Wanafunzi wameanza kumtuhumu mwenzao mmoja, ambaye ndiye huwahi kufika na kuwasha kompyuta, kwamba anazificha kazi zao. Kijana huyo ameacha kuja klabuni, na jambo hili linaniumiza kuliko suala la mifumo lenyewe.

Naomba mnishauri mambo mawili: namna bora ya kuweka mifumo mitatu kwenye bodi hii, na sababu ya faili kutoweka na kurudi.

Kijana wa Chumbageni

Shikamoo Mwalimu. Nitajibu suala la kwanza tu, kwa kuwa la pili limenishinda.

Kompyuta hizi haziwaki kama laptopu, hivyo usihangaike kutafuta GRUB, ile menyu ya kuchagua mfumo kwenye laptopu za Linux. Programu ya kuwashia ya Pi 4 imo kwenye chipu ndogo juu ya bodi, nayo hutafuta patisheni (sehemu ya diski) ya FAT yenye faili za kuanzia, kisha hufuata maelekezo yaliyomo kwenye config.txt na cmdline.txt. Kwa sababu hiyo, menyu ya kuchagua mfumo inabidi iletwe na programu nyingine. Zamani ilikuwepo NOOBS, ambayo haiendelezwi tena, lakini mrithi wake aitwaye PINN bado anatumika. Unaandaa kadi kwa FAT32, unaweka faili za PINN, unachagua mifumo unayoitaka, nayo inaigawia kila mmoja patisheni zake. Kila unapowasha, menyu inakuuliza uingie mfumo upi. Mimi ninaitumia nyumbani kwa mifumo miwili bila tatizo. Angalizo langu ni kwamba GB 32 zikigawanywa mara tatu zitakuwa finyu, hivyo ni afadhali uiweke PINN kwenye SSD.

Mama Maktaba

Mwalimu, pole kwa kadhia hiyo, na hasa kwa huyo kijana.

Ninaheshimu ushauri wa Kijana wa Chumbageni, lakini ninaona kuna swali linalotangulia. Bodi moja iliyowekewa mifumo mitatu ya kuchagua huendesha mfumo mmoja tu kwa wakati mmoja. Siku utakapowasha LibreELEC kuonyesha video, maktaba itakuwa imefungwa na vishikwambi vyote vinane havitakuwa na kitu cha kusoma; na wanafunzi watakapokuwa wanaandika Python, maktaba itafungwa tena. Nilipita njia hiyo katika chumba cha kusomea cha watoto ninachokihudumia, na kwa miezi miwili nilikuwa ninazima na kuwasha kompyuta kutwa nzima, huku watoto wakinisubiri na mikeka wameshatandika.

Kilichonitoa humo ni kutambua kwamba maktaba si mfumo endeshi. Ile picha ya mfumo (faili lenye mfumo mzima) unayoiandika kwenye kadi ni Linux ya kawaida ambayo ndani yake kuna Kiwix, na Kiwix ni programu kama programu nyingine. Unaweza kusakinisha sehemu yake ya seva, iitwayo kiwix-serve, ndani ya Raspberry Pi OS hiyohiyo, ukaielekeza kwenye faili za ZIM (ndizo zenye Wikipedia na vitabu), ukaipanga iwake yenyewe kila kompyuta inapowaka, na ikahudumia vishikwambi huku mwanafunzi akiendelea na Scratch kwenye runinga. Kurasa za Wikipedia si mzigo mkubwa kwa kichakataji chenye viini vinne. Nafasi ndiyo ya kuangalia: Wikipedia ya Kiingereza yenye picha huchukua takriban GB 100, kwa hiyo haiwezi kukaa kwenye kadi yako, ingawa kwenye SSD itakaa na nafasi kubaki. Ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha, na ninakusihi uanze nayo, maana wanafunzi wangu huisoma kwa hamu wanapokuta habari za mji wao kwa lugha yao.

Hata Kodi, programu ya kuonyeshea video ambayo ndiyo kiini cha LibreELEC, inasakinishwa ndani ya Raspberry Pi OS. Kwa mtazamo wangu, una kazi tatu, lakini mfumo unaouhitaji ni mmoja.

Fundi wa Ngamiani

Mwalimu, kabla hujabadilisha chochote nakuomba usifute kadi wala SSD, kwa sababu ninaamini kazi zote zipo, nusu huku na nusu kule, na hakuna mtu aliyezificha.

Maelezo ni haya. Uliponakili kadi mzimamzima, ulinakili pia utambulisho wake. Kila diski yenye jedwali la patisheni la MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski) hubeba namba ya utambulisho, na kutokana na namba hiyo kila patisheni hupata PARTUUID yake. Raspberry Pi OS haisemi "tumia kadi" au "tumia SSD". Ndani ya cmdline.txt imeandikwa root=PARTUUID ikifuatiwa na namba. Sasa una patisheni mbili zenye namba ileile. Kompyuta inaanza kuwaka kutoka kwenye kadi, kiini cha Linux kinapakiwa, kisha kinatafuta patisheni yenye namba hiyo na kuikuta sehemu mbili. Ni ipi itakayoshikwa hutegemea kifaa kipi kimewahi kutambuliwa, na SSD za USB haziamki kwa muda uleule kila siku. Hivyo siku moja wanafunzi wanahifadhi kazi kwenye kadi, siku nyingine kwenye SSD, na skrini inaonekana vilevile mara zote.

Usiniamini kwa maneno, hakikisha mwenyewe. Washa kompyuta vyote vikiwa vimechomekwa, kisha andika amri hizi:

findmnt /
lsblk -o NAME,SIZE,MOUNTPOINT,PARTUUID

Amri ya kwanza itakuonyesha mfumo umekaa wapi siku hiyo: mmcblk0p2 ni kadi, sda2 ni SSD. Ya pili itakuonyesha namba za patisheni, na ninatarajia uzione zinafanana. Zima na uwashe mara kadhaa, na uandike majibu kwenye daftari.

Ikithibitika, zima kompyuta, chomoa kadi na SSD, unakili folda za wanafunzi kutoka kila kimoja kwa kutumia kompyuta nyingine yenye Linux, ukivichomeka kimoja baada ya kingine. Baada ya hapo ndipo ubadilishe utambulisho wa SSD kwa programu ya fdisk, katika menyu yake ya wataalamu, na uandike namba mpya mahali pawili kwenye SSD hiyo: cmdline.txt na /etc/fstab (orodha ya patisheni ambazo mfumo hufungua unapowaka). Ukisahau mahali pamojawapo, haitawaka. Tangu toleo la Bookworm la 2023, cmdline.txt huonekana ndani ya /boot/firmware, wakati maelekezo mengi ya zamani bado yanataja /boot. Njia rahisi zaidi, ikiwa kazi zimeshahifadhiwa salama, ni kuandika mfumo mpya kabisa kwenye SSD kwa Raspberry Pi Imager.

Mpiga Ngoma wa Dunda

Salaam kutoka Bagamoyo. Nimekuwa nikihifadhi rekodi za ngoma za wazee wetu kwenye Pi 4 kwa muda sasa, na ninakubaliana na Mama Maktaba kwa sehemu kubwa, isipokuwa jambo moja.

Bado ipo sababu nzuri ya kuwa na mfumo wa pili, nayo ni watu. Wenzangu wanaoonyesha video hawataki kuona dawati lenye madirisha na folda. Wanataka kushika rimoti ya runinga na kuchagua. LibreELEC inawafaa sana, na haihitaji menyu yoyote. Mpangilio wa kawaida wa kuwaka wa Pi 4 ni 0xf41, unaosomwa kuanzia kulia: 1 ni kadi, 4 ni USB, na f ni kurudia tangu mwanzo. Maana yake, kadi yenye LibreELEC ikiwemo, inawaka LibreELEC. Kadi ikichomolewa kabla ya kuwasha, inawaka SSD. Hakuna cha kukumbuka zaidi ya kadi ipo au haipo. Angalia tu kwamba bodi yako imesasishwa, kwa kuwa Pi 4 zilipotoka mwaka 2019 hazikuweza kuwaka kwa USB, na uwezo huo ulikuja na masasisho ya 2020.

Kama mifumo miwili itasoma video kutoka patisheni moja ya tatu, weka neno nofail kwenye mstari wake ndani ya fstab, la sivyo siku diski isipokuwepo mfumo utasimama njiani ukisubiri msaada. Tambua pia kwamba LibreELEC huandika faili kama mtumiaji mkuu, kwa hiyo faili itakayoandika haitahaririwa na wanafunzi mpaka ubadilishe umiliki. Mimi nimeiruhusu isome tu.

Na kwa kuwa sote tuko pwani: kasha lenye matundu ni la lazima kwa sababu ya joto, maana Pi 4 hupunguza kasi inapofika nyuzi 80, lakini usiiweke karibu na dirisha linaloelekea baharini. Upepo wa chumvi umekwisha kuniozeshea matundu mawili ya USB.

Mwalimu wa Makorora

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimewasha kompyuta mara kumi kama Fundi alivyoelekeza: mara sita findmnt imeonyesha mmcblk0p2 na mara nne sda2, na namba za PARTUUID zinafanana hadi herufi ya mwisho. Kosa ni langu mimi niliyenakili.

Nimekwama kwenye kuunganisha kazi. Kuna faili zenye jina moja pande zote mbili na yaliyomo tofauti, nami nilitaka kuchukua zenye tarehe mpya zaidi, lakini tarehe zenyewe hazieleweki. Zipo kazi za juzi zinazoonyesha tarehe ya mwezi uliopita.

Fundi wa Ngamiani

Hilo linatarajiwa, Mwalimu. Pi 4 haina saa yenye betri yake; hupata saa kutoka kwenye intaneti, na ikikosa intaneti huendelea na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Umeme ukikatika ghafla, saa hiyo inaweza kurudi nyuma zaidi. Kwa hiyo usitegemee tarehe hata kidogo. Tumia diff -r kulinganisha folda mbili. Faili zisizogongana ziunganishe, na zinazogongana zihifadhi zote mbili, moja ukiiongezea neno "kadi" na nyingine "ssd", halafu mwenye kazi achague mwenyewe. Baadaye tafuta moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ndogo ya duara, uipachike kwenye pini.

Kuhusu umeme kukatika, usiitegemee powabanki ya kawaida bila kuijaribu kwanza, kwa sababu nyingi hukata umeme kwa sekunde moja zinapobadilisha chanzo, na sekunde hiyo inatosha kuizima kompyuta. Pima pia chaja yako: amri ya vcgencmd get_throttled ikijibu 0x0, basi umeme unatosha.

Mwalimu wa Makorora

Ninaleta mrejesho. Faili 31 zilikuwa zimegawanyika, na zote zimepatikana. SSD sasa ina Raspberry Pi OS mpya pamoja na kiwix-serve, na Jumatano vishikwambi vinane vilisoma Wikipedia ya Kiswahili wakati wanafunzi wawili wakiandika Python kwenye runinga. Kadi nimeiwekea LibreELEC kwa ajili ya mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, ambaye anahitaji video Ijumaa tu, siku ambayo klabu haikutani. Chaja imejibu 0x50000, hivyo nimeazima nyingine ya volti 5 na ampea 3, na sasa jibu ni 0x0. Saa ya DS3231 bado ninaitafuta.

Kabla ya kubadilisha chochote, niliwakusanya wanafunzi wote na kuwasha kompyuta mbele yao, kuzima na kuwasha tena, hadi walipoona kwa macho yao kazi zikitoweka na kurudi bila mkono wa mtu kugusa faili. Nilimwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake, nao wakamwomba radhi mmoja mmoja. Alikuja Jumamosi, akawahi kama kawaida yake, na ndiye aliyeandika namba za findmnt ubaoni.

Mama Maktaba

Alhamdulillah. Mwalimu, ukiwa tayari kuongeza vitabu, niandikie. Faili zangu za ZIM ninaweza kuzituma kwenye flashi kwa basi la asubuhi.